Kigeugeu

Mwalimu wa hesabu, skuli ya Wete, alituambia
herufi zile zisizo na msimamo
ziitwe vigeugeu: leo tatu, kesho kumi na saba.
Tukamgeukia Khatibu Shoka,
aliyehama timu kila Ijumaa, tukacheka.

Sasa nimekaa Limbani, juu ya duka la rangi,
kompyuta yanguruma kama paka mwenye homa,
nami nachora mbuzi.

Si wa kuchinja. Wa kukunia nazi:
kibao, miguu iliyopishana, ulimi wa chuma wenye meno.
Programu hii haitaki mistari, yataka ujamaa.
Huiambii kibao kina kimo gani.
Unaiambia kibao kimfuate goti,
ulimi usogee mbele kadiri ya mkono,
miguu ya nyuma itanuke nyonga zipendavyo.
Kisha unaipa goti. Namba moja tu.
Mbuzi mzima anainuka, anajinyoosha,
kama kwamba alikuwa amelala.

Na kila namba yadai jina. Nikaandika:
Goti la Mama.

Si urefu wa mguu. Ni pale goti linaposema basi.
Bi Mize alikaa ukingoni mwa kitanda,
nikazungusha utepe wa fundi cherehani.
"Wanipimia sanda mapema yote hii?"
"Nakupimia mbuzi."
"Mbuzi ninaye."
Anaye. Wa mfenesi, mweusi kwa mafuta, wa mama yake,
yuko chini mno kwa mguu usiokunjika.

Arubaini na moja nukta sita.
Fundi Shaame akaigeuza karatasi juu chini:
"Msumeno wangu haujui nukta, bibie."
Akakata arubaini na mbili, akaapa ni ileile.

Mama akaketi, akakuna kizio kimoja, akanyamaza.
"Miye hukuna naona mlango.
Huyu wako hageuki. Anitazamisha ukuta."

Nikarudi Limbani, nikaongeza namba, nikaiita Mlango.
Skrini ikawa nyekundu.
Goti lamngoja Mlango, Mlango waungoja ulimi,
ulimi walingoja goti:
wageni watatu kizingitini,
tangulia wewe, la, tangulia wewe,
na chakula chapoa ndani.
Ikabidi mmoja nimvunjie adabu.
Nikaufupisha ulimi kwa nguvu.
Mbuzi akageuka. Mama akaona nani anapita na nani hapiti,
akasema tui limekuwa zito,
sijui kwa mbuzi au kwa umbea.

Rajabu, arubaini na moja.
Shaabani, arubaini na nne; Shaame akaunga miguu.
Ramadhani akikuna nazi ya futari
alikuwa karibu amesimama: arubaini na saba.
Mfunguo mosi, arubaini na saba.
Mfunguo pili,
arubaini na saba.

Siku hizi wateja wapo.
Bi Time wa Mtambwe, mfupi, thelathini na tatu.
Hoteli moja imeagiza sita, vya kukalia wageni,
bila ulimi. Mbuzi bububu.
Natelezesha kidoti kushoto na yote yashuka pamoja,
kibao, miguu, tundu za parafujo,
hapana hata kimoja kinachouliza kwa nini.

Shaame ameuliza.
Kwa nini kila karatasi, mteja awe nani,
pembeni juu pameandikwa goti la mamako?
Nikamwambia nikilifuta jina vyote vitaachana.
Na kweli vitaachana, ndivyo programu ilivyo.
Akaiweka penseli sikioni, akaendelea kukata.

Jioni, kabla sijazima,
nairudisha arubaini na saba.
Mbuzi anainuka taratibu kwenye kioo,
juu,
juu kuliko haja ya mtu yeyote aliyebaki,
uso kauelekeza mlangoni.