Zamu

Siku kumi na nne za mgodini Gobi, siku saba za nyumbani:
ndivyo kampuni inavyonigawia maisha.
Sarnai ananikabidhi mtoto mlangoni
huku akivaa buti, zamu ya usiku hospitali inamwita.
"Usimchezee," anasema. "Cheza naye.
Mpira ukifika kwake, ngoja."

Ghorofa ya tisa. Ulaanbaatar yote imefunikwa na moshi.
Tumekaa sakafuni, mimi na Anujin wa miezi kumi,
nyayo zangu zimegusa nyayo zake,
na katikati mpira wa sufu ya ngamia
alioukanda shangazi yake kwa maji ya moto na sabuni.

"Zamu ya aav," nasema, naubingirisha.
(Aav ni mimi; ndivyo kwetu baba anavyoitwa.)
Anaudaka. Anaulamba. Anaukalia.
"Zamu ya Anujin."
Ananitazama kama mkaguzi wa tiketi.

Mimi ni mtu wa mashine. Kule
lori likichelewa dakika mbili, redio inatukana.
Mkono ulishanyooka kuuchukua mpira
nilipokumbuka: ngoja.
Nikahesabu moyoni. Moja. Mbili. Friji ikanguruma. Nne.
Jirani wa juu akaburuta kiti. Tisa.
Sikujua kimya kina urefu wote huu,
wala kwamba kimya nacho huuliza.

Kumi na moja.
"Aa," akasema.
Siyo aav. Aa tu, nusu ya neno,
nusu nyingine kaniachia.
"Aa," nikamjibu.
Akacheka, mate yakamshuka kidevuni,
akaukazia macho mdomo wangu, akingoja.
Yeye, akiningoja mimi!
Mpira ukamponyoka, ukaja kwangu
(kwa hiari au kwa bahati, sitamsingizia)
nikapiga makofi kama mwendawazimu.

Tukaenda hivyo mpaka sufu ikalowa.
Mara nyingine alikataa, akaukumbatia, akalia,
nikakaa bila zamu.
Hilo nalo somo, na sikulipenda.

Alfajiri Sarnai akaingia na harufu ya dawa,
akaketi, akavua buti moja.
Nilikuwa na habari mdomoni, imenona.
Nikaimeza.
"Usiku wako ulikuwaje?"
Akaishika buti ya pili, asiivue bado.
Safari hii sikuhesabu.