Kisoda cha Skrubu

Mnunduma ananifungulia boksi: vipande arobaini na tano,
kila kimoja kwenye kitanda chake cha sifongo.
"Beba vyote, Sijaona. Fundi hakosi kazi."
Mimi si fundi. Nina kompyuta moja
inayonguruma kama mashine ya kukoboa,
na chenji ya malipo ya pili ya korosho.

Nataka bisibisi ya nyota, ile nyembamba,
yenye sumaku mdomoni, isiangushe inachokiuma.
Nataka kibano.
Mita? Nauliza bei, nairudisha.
Umeme wa soko unakatika, unarudi, unakatika.
Naichukua.
Brashi ninayo, ilibaki tulipopaka mlango.
Kifutio nitaazima kwa Fadina, wa darasa la tatu.

Nyumbani nashika kwanza nondo ya dirisha,
umeme wa mwilini ushuke. Nafungua.
Vumbi jekundu la Newala, laini kama unga wa muhogo,
na mjusi mmoja, mkavu, aliyefuata joto.

Nafagia. Nasugua meno ya memori mpaka yang'ae.
Skrubu nimezihesabu kisodani: kumi na moja.

Imewaka. Imetulia kama mgeni aliyekwisha kula.

Kisodani imebaki moja.
Nimeitikisa kompyuta, nimetega sikio.
Sijamwambia mtu.