Kuleta Ndiko Ghali

Wameniletea kadi ya michoro iliyoungua.
Mwenyewe ni kijana wa studio ya harusi, pale Kiusa.
Anasema ilizima katikati ya bibi harusi:
nusu ya uso ina rangi,
nusu miraba ya kijani.

Ni ya mtumba, imetoka kwenye ghala la mashine ng'ambo.
Feni imemeza vumbi la Njoro la kiangazi kizima.
Nikang'oa bamba la kupozea, nikapangusa,
na chini yake sikuikuta chipu moja.
Zilikuwa nne, ubavu kwa ubavu kama vigae,
na kando yake kumbukumbu,
ghorofa juu ya ghorofa.

Nilicheka peke yangu.
Miaka yote walikuwa wakifukuzia shamba moja lisilo na mpaka
na mbio za saa, kasi juu ya kasi,
mpaka joto likawaambia basi.
Sasa wanakata vipande,
hiki cha kuchora, hiki cha kukisia,
hiki kazi yake kuwapokea wenzake tu.

Mimi nilikua Uru.
Zamu yetu ya maji ilikuwa Alhamisi, saa nane usiku.
Mama alinipa kurunzi nifuate mfongo toka kwenye banio,
nizibe matundu kwa udongo na majani ya mgomba.
Shamba tayari. Majembe tayari. Mikono sita tayari.
Maji ndiyo hayajafika.
Na yakifika, nusu imenywewa na ardhi njiani,
na nusu ya nusu imepotelea kwa kina Ndelilio,
ambao asubuhi walitusalimia vizuri sana.

Sijapata maelezo ya prosesa yaliyozidi hayo.
Vikokotozi elfu vimekaa, vinangoja namba.
Kujumlisha ni rahisi,
kuleta ndiko ghali.
Umeme mwingi unaishia barabarani.
Ndiyo maana wanasogeza kisima hadi kizingitini,
wanakipandisha hadi juu ya paa la jiko
ili anayepika asitoke nje.

Nami nachora yangu. Ndogo.
Bodi niliinunua Arusha kwa mwalimu aliyekuwa anahama,
ile ambayo mantiki yake unaipanga leo, unaibomoa kesho.
Amri zake ni za wazi, hazina mwenyewe;
hakuna mlango wa kubisha wala kodi ya kulipa.
Vyumba vinne vya kujumlishia, taa nne, basi.

Juzi niliiuliza: saba na tano?
Ikajibu: nne.
Nikarudia.
Nne, bila haya.

Nilitafuta mpaka uniti za Luku zikaisha,
nikaendelea kwenye daftari, kwa tochi ya simu.
Kosa halikuwa kwenye hesabu.
Ile moja ya kubeba, ikitoka chumba hadi chumba,
ilifika cha nne saa imeshagonga.
Mlango umefungwa.
Imesimama nje, na ukweli wake mkononi.

Ningeweza kupunguza mwendo. Aikande, mwanafunzi wangu,
alisema nipunguze, nani ana haraka Moshi hii?
Sikutaka.
Nikachimba mchepuko: kila chumba kichungulie mapema
nani atabeba, nani hatabeba,
kisingoje kuambiwa na jirani.
Waya zikaongezeka. Daftari likachafuka.
Nikafuta, nikachora, nikafuta.

Leo jioni, mlima umejifunika wote,
nikaingiza saba. Nikaingiza tano.
Taa mbili za kushoto zikawaka.
Mbili za kulia, giza.
Kumi na mbili.

Aikande akauliza itauzwa bei gani.
Simu ikaita: kijana wa studio,
bibi harusi anautaka uso wake.
Sikujua nimwambie nini. Vigae vitatu ni vizima, kimoja kimekufa,
na hapa mjini hakuna wa kuvitenganisha.
Nikamwambia asubiri kidogo,
kuna namba imefika.