Nyuma ya Fremu

Mimi ndiye niliyezitia mbao.
Mia moja na thelathini na saba, kwa miaka kumi na tisa,
kibandani kwangu Kibuye, kati ya maseremala wa majeneza
ambao hunitania: sote tunapima watu, Wamukota,
ila wako hawaozi.

Leo zimeegemezwa ukutani, nyumbani kwake Milimani,
kila moja na kijikaratasi chenye namba,
kama wanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule.
Rosebella Misigo, mbunifu wa mavazi, anauza.
Magoti, wanasema. Deni la benki, wanasema wengine.
Mwenyewe hasemi; anapita na kikombe cha chai iliyopoa
akinyoosha fremu ambazo hazijapinda.

Hakuwa mtu wa picha za harusi.
Alitaka watu waliokutwa kazini:
kibarua wa kiwanda cha pamba, nyuzi zimemzeesha nyusi kabla ya siku zake,
foleni ya mitungi Nyalenda, jua halijachomoza,
wapagazi wawili wa reli juu ya magunia ya sukari, kofia zimefunika macho,
mwanamke wa Dunga akianika omena, leso imekatiza bega.
Alizitazama kwa jicho la mkasi.
Mkunjo wa leso ile aliuchora, akaushona, ukawa gauni,
na gauni likapanda ndege, likarudi na tuzo.
Mwenye bega hakurudi na kitu. Hakuwa ameenda.

Dalali ametoka Nairobi, koo limelambishwa asali.
Namba arobaini na mbili. Mchuuzi asiyejulikana, Kisumu, 1974.
Naanzia elfu themanini.

Asiyejulikana!
Huyo ni Nereah Abuto. Alitupimia omena kwa kopo la mafuta,
akijaza hadi mdomoni, kisha akiongeza konzi ya bure,
akimwita mama yangu "mke mwenzangu, mume wetu njaa",
wakicheka hadi kopo linamwagika.
Laki moja. Laki na nusu. Mtu wa kwenye simu, sijui yuko wapi, anasema mbili.
Nereah alizikwa kwa mchango.
Daftari nalikumbuka: shilingi mbili, shilingi tano,
kuku.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nyundo.
Nyundo yenyewe ndogo, haishindilii hata msumari wa nusu inchi.
Nilitamani kumwazima yangu.

(Fremu kumi na moja za mwisho sijalipwa.
Rosebella alinitazama, nami nikatazama dari.
Mdai na mdaiwa, leo sote wafiwa.)

Basi niseme nililofanya.
Kila picha iliyofika kibandani,
kabla sijaufunga mgongo wake, nilichukua penseli ya useremala,
ile bapa, nyekundu,
nikaandika: huyu ni fulani, wa kwa fulani, alipenda hiki, alidaiwa na yule.
Nisiyemjua nilimzungusha sokoni nikiuliza,
na wapo niliowauliza mwaka mzima.
Nereah yumo, na kopo lake, na utani wake.
Yule wa pamba ni Zakayo Opanda, sauti ya tatu kanisani,
hadi kifua kilipomnyang'anya.
Wapagazi ni Makokha na Sirengo,
na hawakuwa wamelala.
Walikuwa wamegoma.

Hakuna aliyenituma. Rosebella hajui.
Jioni lori lilikuja na mablanketi na kamba,
nikasaidia kupakia, maana najua zinaposhikwa.
Zinakwenda: hoteli, ukumbi wa benki,
sebule ya mtu asiyejua harufu ya omena ikianza kukauka.
Siku moja unyevu utapenya, au mtoto atapiga mpira,
na mtu atazigeuza.

Misumari minne ya pembeni niliipiga sawasawa, kazi ni kazi.
Ule wa tano, wa katikati,
unatoka kwa ukucha.