Kopo Usilitupe

Saa kumi alfajiri, Keaukaha. Vyura wanapiga filimbi
kama wanaolipwa kwa saa.
Nimeosha mchele mara tatu, mara nne,
maji bado meupe, tui la bure.
Leo ni mashindano ya kasia ghubani Hilo
na kila mzazi kapewa zamu.
Yangu: musubi thelathini.
Mimi, fundi bomba, ambaye jikoni
sijawahi kuingia ila kuziba.

Makopo manne mezani. Nafungua la kwanza,
naligeuza, nalipiga makofi ya tako.
Nyama inagoma, kisha inatoka
kwa mlio wa buti lililonaswa matopeni:
ya waridi, inang'aa, imebeba kona zote za nyumba yake.
Nakata. Kipande cha kwanza kinene kama sabuni,
cha pili chembamba, kisu kinaonekana ng'ambo.
Mafuta haitaki; inajikaanga kwa jasho lake.
Sosi ya soya, sukari, sukari tena,
na moshi unapanda kunusa dari.

Kibao cha kushindilia hakipo. Nimepekua droo zote.
"Harue, kile kibao cha wali ulikiweka wapi?"
Las Vegas ni saa moja, yuko ndani ya sare,
nasikia toroli la mashuka likililia gurudumu.
"Nilikuja nacho."
Kimya.
"Sijui kwa nini. Huku hata sipiki."
Kisha, sauti ya jikoni, ile niliyoizoea:
"Kopo umelitupa?"
"Bado."
"Usilitupe. Lipige tupa.
Ondoa tako, lainisha ukingo, tandika nailoni.
Wali, nyama, kandamiza, sukuma."
Mtu anamwita huko, analikosea jina lake.
Anaitikia lile lililokosewa. Simu inakatika.

Haya, msumeno na tupa ninavyo.
Hili kopo sasa ni bomba fupi, na bomba mimi nalijua.
Nashindilia. Nasukuma. Latoka tofali
lililopinda upande, kama nyumba ya mlevi.
Wali umening'ang'ania hadi kwenye saa ya mkononi.
Mkono mtupu haulambwi, wamesema;
huu wangu ungelisha mtaa mzima.

Kehau anaingia na nywele za usingizini.
Miaka kumi na miwili. Tangu Februari
tumeongea habari za funguo tu.
Anatazama tofali. Hacheki.
Anajaza bakuli maji, anatia chumvi.
"Lowesha mikono, baba. Mama hufanya hivi."

Hufanya.
Hakusema alifanya, wala alikuwa akifanya.
Naishika hiyo *hu-* kama reli ya ngazi
na tunaendelea: mimi nasukuma,
yeye anavisha mwani kiunoni, mweusi, mkavu,
analowesha ncha kwa kidole, inashika.
Nyanya yake Harue alikuwa akisema
musubi ni neno la kufunga, fundo.
Nilidhani anazungumzia chakula.

Nne mara nane, thelathini na mbili.
Thelathini bokisini, bado zina joto, nailoni imeota umande.
Kehau anachagua ile iliyopinda,
anaila amesimama, mdomo umejaa, macho pembeni.
"Siyo mbaya," anasema, kwa wali zaidi kuliko kwangu.
Inabaki moja.
Sote tunaitazama. Sote tunajua
mkono wangu ulihesabu watu watatu.
Kuiweka hadi usiku haiwezekani, wali ukilala
hugeuka changarawe; musubi haisubiri.
Anaifunga, anaipeleka sebuleni,
nasikia kisanduku changu cha spana kikifunguliwa,
kikifungwa.
"Ya kazini Jumatatu," anasema.
Itakuwa jiwe Jumatatu. Nitaila.

Ndege ya kwanza inapita juu ya bati, vikombe vinatetemeka.
Kopo nimeliosha, nimeliegesha dirishani likauke,
wazi pande zote mbili.
Ukichungulia ndani yake unaona mvua,
na nyuma ya mvua, taa za uwanja wa ndege.