Pua ya Buruta

Miguu yake mifupi,
nikasema, "Mbwa wa wapi?
Kakatwa lini na vipi,
hata tumbo liwe chini?"

Sikio lafuta njia,
uso umejikunjia,
jicho kama la kulia
kwa msiba wa jirani.

Kaachwa na Mfaransa,
mpima mawe; na hasa
kisa, alisema, pesa
za nauli ya angani.

Selafina alipika,
mshahara ukafika
nusu mbwa! Akamweka
kapuni hadi nyumbani.

Chiungutwa wakasema,
"Ni meza yenye kuhema!
Wekeni sahani njema,
ming'oko ije mezani."

Selafina hakujali,
akaeleza asili:
"Kwao, zama za awali,
watawa wa kanisani

wakawa wanachagua
kimo kilichopungua,
na pua iliyokua
isiyobanduka chini.

Tajiri ana farasi
na mbwa wa kwenda kasi;
mkulima, bila wasi,
hwenda na huyu porini.

Sikio huzoa tope,
harufu lisiitupe;
mkia, ncha nyeupe,
umwone kwenye majani."

Nikacheka. Kazi yangu
ni kupima za wenzangu
korosho; na dole langu
huegemea mizani.

Kilo moja, kilo mbili,
kila mzigo ni dili
iliyojaza kamili
gunia la uvunguni.

Wiki moja ya mnada
chama kikaona shida:
kilo si zile za ada,
zimeyeyuka ghalani.

Wakaja mbwa warefu
wa sungusungu, nadhifu,
wakakimbiza harufu,
wakaipita njiani.

Ndipo akaja Buruta,
Selafina akivuta;
akalala, akasita,
mkaidi, si utani.

Ukimwita hageuki,
umsukume hatoki,
umwimbie haamki,
mpaka pua kazini.

Akanusa kizingiti,
akanusa changu kiti,
akaninusa na shati;
jasho likaja shingoni.

Korosho ina mafuta,
mkononi yakinata
usugue, hutafuta,
yanakaa vidoleni.

Akafumua mlio,
si kubweka, ni kilio,
kama honi ya ujio
Mtwara, meli gatini.

Akashika njia, pole,
hatazami huku, kule,
kijiji nyuma, kelele,
nami nikiwa kundini.

Kwa Mrope akavuka,
kisimani akashuka,
njia niliyozunguka
kila usiku gizani.

Nikasema: "Kapotea!
Huyu anajitembea!
Turudi!" Hakupokea
neno, sikio vumbini.

Mlango wangu wa mbao
akausukuma; nao
wanangu na mama yao
wakasimama pembeni.

Yeye, kwa ile miguu,
hawezi kupanda juu;
akapita, si makuu,
hadi mwisho, uvunguni.

Mrefu angelikwama;
huyu akazama hima,
mkia nje, u wima,
weupe wake gizani.

Nimelipa kilo zote
chamani, mbele ya wote;
sasa sina cheo chote,
nimehamia tungoni.

Mizani yangu ni hii:
nane nane, sipungui,
dole kando, halitui,
hesabuni mstarini.

Na Buruta? Kila jua
likitua huchukua
mwendo wake; hunijua,
hujilaza barazani.

Hunusa vidole vyangu,
kimoja kimoja, tangu
gumba; nami roho yangu
yangoja, iko puani.