Tundu la Ukaguzi

Miaka ishirini na sita nimelaza mabomba
chini ya barabara za Edmonton,
futi tisa kwenda chini, pale baridi inapokata tamaa.
Kwa hiyo Daktari Hrynchuk alipochora tumbo langu
mgongoni mwa menyu ya kantini
sikuuliza nitapona lini. Niliuliza:
majitaka yanaelekea wapi?

Alicheka mpaka akavua miwani.
Insulini, alisema, haina haja ya mfereji,
hujipenyezea damuni kama umbea.
Ila ile juisi ya kusaga nyama
lazima ipewe njia, la sivyo itakusaga wewe.
Akavuta mstari hadi kwenye kibofu.
"Hapa tutaisoma. Kimeng'enya kikipungua mkojoni,
tutajua mwili umeanza kumfukuza mgeni."

Nikakubali. Bomba lenye tundu la ukaguzi
ndilo bomba ninaloliamini.

Sukari ikatulia, wallahi. Nilikunywa chai ya Mwanakheri
yenye vijiko viwili, macho nimeyafumba.
Sindano zikabaki mlangoni mwa friji, kando ya achari.

Lakini kibofu hakikuumbwa kuwa tumbo.
Nilikojoa pilipili. Nilikojoa rangi ya rozela.
Kila asubuhi nikameza magadi kufidia yaliyonitoka,
magadi yale yale mama aliyolainishia kunde,
na mimi, mzee wa kofia ngumu, nikilainika.

Mwaka wa nne wakanifungua tena,
wakauhamishia mkondo kwenye utumbo,
njia yake ya tangu mwanzo.
"Tunapoteza dirisha," daktari alisema, "na mshono ukivuja
humo ndani, si jambo dogo. Wengi hupona."
Nilisikia wengi. Nikawasikia na wale ambao hakuwataja:
kitanda cha bwana Delorme, aliyeniazima redio,
kilitandikwa upya kabla ya staftahi.
Damu iliganda mlangoni mwa kongosho lake, siku ya tatu.
Redio bado ninayo.

Sasa naamka saa tisa usiku,
nasimama chooni. Mkojo wa manjano tu,
hauchomi, hausemi.
Kijana aliyenipa (kijana, ndiyo yote niliyoambiwa)
anafanya kazi gizani, bila tundu.
Navuta maji.
Nayasikiliza yakishuka ukutani, sakafuni, hadi barabarani,
kwenye bomba ambalo huenda nililaza mimi.